Siku Isiyo na Hadithi

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, yalitokea mambo mawili ambayo karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki aliyewahi kuvaa bukta ya mashindano ya shule ameyasikia. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1500 kwa 3:34.91, akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma yake. Siku hiyohiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania, kijana wa Mbulu, aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda marathoni hiyo zaidi ya saa moja kabla. Akhwari alikuwa wa 57, na ndiye wa mwisho kati ya waliomaliza.

Keino naye hakuwa mzima. Mfuko wa nyongo ulikuwa ukimsumbua. Wiki moja kabla, katika fainali ya mita 10,000, alianguka kwa maumivu, na madaktari walimtaka asikimbie tena. Akakimbia mita 5000 akapata medali ya fedha, kisha akaenda kuchukua dhahabu ya mita 1500.

Hadithi hizi mbili nimewasimulia wanafunzi kwa miaka yote niliyofundisha michezo, na nikizisimulia tena kesho sauti itanitetemeka vilevile. Ni urithi wetu. Lakini tangu nilipostaafu na kuanza kuwasaidia watu wazima hapa Moshi wanaojiandaa kwa mbio za Kilimanjaro, kuna jambo linanisumbua. Kumbukumbu yetu ya riadha karibu yote imejengwa juu ya watu waliokataa kusimama. Aliyesimama kwa wakati wake, akala, akalala, akaamka na nguvu zaidi, hatumsimulii. Siku ya kupumzika haina picha, haina medali, haina mtangazaji wa redio. Ndiyo maana mtu akiikuta kwenye ratiba yake anaiona kama pengo ambalo mwandishi wa ratiba alisahau kulijaza.

Katika kundi letu yuko muuguzi anayetoka zamu ya usiku alfajiri, anavua viatu vya kazini, anavaa raba na kupanda barabara ya Mweka kwa sababu simu yake imemwandikia kilomita 12. “Mwalimu, nikipumzika leo si nitarudi nyuma?” Yuko fundi seremala anayesimama kutwa nzima kwenye karakana na bado anataka kukimbia jioni zote saba. Yuko karani wa ofisi ambaye akikosa siku moja, kesho yake anakimbia mara mbili ili “kulipa deni”. Nimeona kuwakaripia hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwapa historia, maana swali lao si geni. Limeulizwa na wakimbiaji wakubwa kuliko wao, na mara nyingi jibu lilipatikana kwa bahati, mtu akiwa kitandani au akiwa mlimani, mbali kabisa na uwanja.

Nianzie Ujerumani, miaka ya 1930. Kocha Woldemar Gerschler alishirikiana na daktari wa moyo, Herbert Reindell, kuwapima wakimbiaji mapigo ya moyo. Mkimbiaji alikimbia kipande kifupi kwa kasi, kisha akangojeshwa mpaka mapigo yashuke kufikia 120 kwa dakika, ndipo akaruhusiwa kipande kingine. Yasiposhuka kwa wakati, mazoezi ya siku hiyo yalikatishwa. Wawili hao waliamini kwamba moyo unapata faida yake hasa katika ule muda wa kungoja. Mwaka 1939, mjini Milan, mwanafunzi wa Gerschler aitwaye Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa 1:46.6, na rekodi hiyo ilikaa miaka 16. Kwa hiyo hata mbinu ile inayosifiwa kwa ukali wake, mbinu ya kukimbia vipande, chimbuko lake lilikuwa uangalifu mkubwa juu ya muda wa kupumua.

Waliokuja baadaye walichukua vipande, kungoja wakakupunguza. Hakuna aliyevichukua kwa nguvu kama Emil Zátopek, askari wa Czechoslovakia, ambaye alikimbia mita 400 mara nyingi kiasi kwamba wenzake walidhani ana wazimu. Alistahili kila alichopata: dhahabu ya mita 10,000 London mwaka 1948, kisha Helsinki mwaka 1952 dhahabu tatu katika Olimpiki moja, mita 5000, mita 10,000 na marathoni. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Akitajwa Zátopek kwa wakimbiaji, kinachotajwa ni wingi wa mazoezi yake.

Ninapenda zaidi kumtaja Zátopek wa kiangazi cha 1950. Alikula chakula kilichoharibika, akaugua vibaya, akalazwa hospitalini wakati mashindano ya ubingwa wa Ulaya yamekaribia. Mtu aliyezoea kukimbia kila siku ya Mungu alilala chali. Alitoka hospitalini mashindano yakiwa yamebakiza siku chache tu, akasafiri hadi Brussels, akashinda mita 10,000 kwa zaidi ya dakika moja mbele ya Alain Mimoun wa Ufaransa, kisha akashinda na mita 5000 kwa tofauti ya zaidi ya sekunde 20. Makocha walikuna vichwa. Mwili uliokuwa umebebeshwa mzigo kwa miezi ulikuwa umepata, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuutua, na ukaonyesha ulichokuwa umekijenga ndani. Leo kila ratiba nzuri ya marathoni hupunguza kilomita wiki mbili au tatu za mwisho. Wengi wanaofuata ratiba hizo hawajui kwamba miongoni mwa waliotuonyesha njia alikuwa mgonjwa wa tumbo.

Halafu kuna Roger Bannister. Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari London, muda wake wa mazoezi ni ule wa chakula cha mchana. Alitaka kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya. Pamoja na Chris Brasher na Chris Chataway alikuwa akikimbia vipande kumi vya robo maili, na lengo lilikuwa kila kipande kiishe kwa sekunde 60. Aprili 1954 wakakwama kwenye 61. Walijaribu tena na tena, ikabaki 61. Nadhani kila mkimbiaji anayesoma haya anaijua hali hiyo: unaongeza juhudi na saa haisogei, na kila mtu ndani ya kichwa chako anakwambia uongeze tena.

Bannister na Brasher waliacha mazoezi, wakaenda Scotland kupanda miamba kwa siku kadhaa. Kama maandalizi ya mbio, kupanda miamba ni wazo baya. Mtu anaweza kuteguka mguu. Waliporudi wakapumzika kidogo zaidi, wakaingia uwanjani, na vipande vyote kumi vikaisha kwa sekunde 59. Kisha, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya siku yenyewe, Bannister akaacha kukimbia kabisa. Tarehe 6 Mei 1954, Oxford, kwenye uwanja wa Iffley Road, alimaliza maili kwa 3:59.4. Kila mtu anaijua tarehe hiyo. Tungewafundisha watoto pia zile siku tano kabla yake, kwa sababu naamini zilihitaji ujasiri usiopungua ule wa mzunguko wa mwisho. Kijana anayesubiriwa na nchi nzima, anaamka asubuhi, miguu inamwasha, na anakaa.

Kwa nini kukaa kunafanya kazi? Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Sweden mwaka 1966, na wanasayansi wenyewe ndio waliojitoa kufanyiwa jaribio. Jonas Bergström na Eric Hultman walikaa kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu, mpaka mguu huo ukaishiwa nguvu. Mguu wa pili wa kila mmoja haukufanya kitu. Kisha wakaacha mazoezi kwa siku tatu, wakala vyakula vya wanga, na kwa sindano maalumu wakachota vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote. Walichokuwa wakikipima ni glaikojeni, yaani wanga ambao mwili huuhifadhi ndani ya msuli kwa ajili ya kazi. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umejaza akiba yake na kupita, ukafika karibu mara mbili ya mguu uliokaa bure. Damu ni ileile, chakula ni kilekile, mtu ni yuleyule. Kazi peke yake iliuacha mguu mtupu. Mapumziko na chakula baada ya kazi ndivyo vilivyoujaza kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Huwa namweleza fundi seremala wetu kwa mfano wa nyumba ya udongo, kwa kuwa amekulia ndani yake. Unakandika tabaka la kwanza, unaliacha likauke, ndipo unaweka la pili. Ukiweka la pili juu ya udongo mbichi, yote mawili yanaporomoka. Ananielewa. Karani bado.

Marekani alikuwepo kocha Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene. Yeye alifanya kitu ambacho wakati huo kilionekana ni ulegevu: baada ya kila siku ngumu aliwaandikia vijana wake siku nyepesi, na wengine aliwaandikia mbili. Mmoja wao, Kenny Moore, hakukubali. Alikuwa akizidisha kilomita siku za wepesi, akidhani ndivyo atakavyowapita wenzake, na kila mara alikuwa hoi au mgonjwa. Bowerman alimpiga marufuku: kwa wiki tatu asikimbie zaidi ya maili tatu za taratibu kwa siku, ama aondoke kwenye timu. Moore alitii kwa hasira. Muda ulipoisha aliboresha muda wake wa maili mbili kwa zaidi ya sekunde 20. Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alikuwa wa nne katika marathoni.

Bowerman anatuhusu hapa kwa sababu nyingine. Mwaka 1962 alikwenda New Zealand kumtembelea Arthur Lydiard, kocha wa Peter Snell na Murray Halberg, walioshinda dhahabu mbili ndani ya saa moja Roma mwaka 1960. Huko Bowerman aliona kitu kilichomshangaza: watu wazima wa kawaida, wazee kwa vijana, wengine wagonjwa wa moyo, wanakimbia pamoja taratibu wakizungumza. Lydiard ndiye aliyekuwa amewahimiza. Bowerman akarudi nyumbani na wazo hilo, na mwaka 1967 akatoa, pamoja na daktari wa moyo W. E. Harris, kitabu kidogo kiitwacho *Jogging*. Kitabu hicho kikawatoa Wamarekani wengi ndani ya nyumba zao, na desturi hiyo ikaenea duniani hadi ikafika kwetu.

Nenda Dar es Salaam asubuhi ya mwisho wa wiki, Temeke, Mbagala, Kinondoni, utavikuta vikundi vya jogging barabarani, fulana za rangi moja, nyimbo, vifijo. Navipenda vikundi vile. Vimewaokoa watu wengi na sukari na presha. Lakini tulipoupokea mchezo huu tulichukua nusu yake. Mtu aliyeueneza ndiye huyohuyo aliyesisitiza kuliko wengine kwamba baada ya siku ngumu ije siku nyepesi. Jogging tukaipokea, siku nyepesi tukaiacha forodhani.

Na mchezo ule ulikuta tayari tuna mbio zetu, mchakamchaka. Waliosoma shule za bweni au kupita Jeshi la Kujenga Taifa wanaujua: kengele kabla ya jua, safu mbili mbili, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia. Ulitujenga vifua. Pia ulitufundisha kwamba kukimbia ni utii, na asiyekimbia ni mtoro. Shuleni kwetu aliyebaki bwenini bila cheti cha mganga aliadhibiwa. Nadhani sauti hiyo ya kiranja bado inaishi ndani ya watu wazima wengi. Muuguzi wangu anapoamka na ugoko unamuuma, haogopi kupoteza pumzi, maana anajua pumzi haipotei kwa siku moja. Anaogopa kuitwa mtoro. Jumapili tu ndipo mchakamchaka haukuwepo. Tulifua sare, tukaenda kanisani, tukalala mchana. Jumatatu tulikimbia kuliko siku zote.

Jumapili hiyo ina historia yake katika riadha. Mwaka 1924, Paris, Eric Liddell wa Scotland alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili, akaingia mita 400 na kushinda kwa 47.6. Alikataa kwa ajili ya imani, na sitaki kuigeuza imani yake kuwa mbinu ya mazoezi. Lakini wamisionari waliokuja Bonde la Ufa la Kenya walileta Jumapili ileile, na pale ikakutana na wakimbiaji.

Iten iko ukingoni mwa bonde la Kerio, karibu mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1976 alifika pale mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa na elimu yoyote ya ukocha. Alichokuwa nacho ni macho na subira. Mikononi mwake alipita Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 Seoul mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012, London, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Shule hiyohiyo ndiyo aliyosoma Ibrahim Hussein, yule aliyemshinda Juma Ikangaa wetu kwa sekunde moja tu Boston mwaka 1988. Bruda Colm anajulikana kwa kuwaanzisha vijana taratibu. Wageni waliokwenda kutafuta siri yake walitegemea kuona watoto wakitapika kando ya njia. Walichokuta ni vijana wanakimbia polepole na kufanya mazoezi ya viungo.

Eliud Kipchoge alifanyia mazoezi yake Kaptagat, chini ya Patrick Sang, ambaye naye alipata fedha Barcelona mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji. Juma la kazi lao limejulikana kwa miaka mingi, halina uficho. Jumanne ni vipande vya kasi uwanjani. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 wiki hii na 40 wiki ijayo. Jumamosi ni mbio za kubadilisha kasi barabarani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni taratibu, na taratibu hiyo ni ya kweli: asubuhi wanaanza kwa mwendo ambao yeyote katika kundi letu la Moshi angeweza kuwafuata kwa kilomita ya kwanza. Mchana wanalala. Wanafua nguo zao wenyewe, wanasafisha kambi kwa zamu, wanakunywa chai. Jumamosi, kazi ikiisha, wanakwenda nyumbani kwa familia zao. Mtu aliyeishi hivyo ndiye aliyekimbia marathoni kwa 2:01:09 Berlin mwaka 2022, na kabla ya hapo, Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza kilomita 42 na ushei kwa 1:59:40. Siku tatu ngumu kwa wiki! Karani wetu ana tano, na ana kazi ya ofisini juu yake.

Nasikia mtu akiniuliza: na Embu je? Ni kweli. Timu ya Kenya ya mbio za nyika ilikuwa ikipiga kambi Kigari, karibu na Embu, miteremkoni mwa Mlima Kenya, chini ya Mike Kosgei, na pale walikimbia mara tatu kwa siku. Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu mara 18 mfululizo. Habari za kambi ile zilisambaa duniani kote, na wengi walijeruhi miguu yao kwa kuziiga. Hawakuhesabu mambo mawili. Kambi ile ilikuwa ya wiki chache kabla ya mashindano, haikuwa maisha ya mwaka mzima. Na kati ya mazoezi na mazoezi wale watu hawakuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kula na kulala. Anayekimbia mara tatu kwa siku akiwa kambini anapumzika zaidi ya anayekimbia mara moja akitoka zamu ya usiku wodini. Hili nalirudia kila mara kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote: mwili unajumlisha kila kitu. Kusimama kutwa kwenye karakana unakuhesabu. Kulea mtoto mwenye homa usiku kucha unakuhesabu. Simu ndiyo isiyohesabu.

Kama kuna mtu anayestahili hadithi mpya ya mapumziko, kwangu ni Faith Kipyegon wa Kenya. Alishinda mita 1500 Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 akajifungua, akakaa nje ya mashindano kwa muda mrefu, wengine wakaanza kumzungumzia kwa wakati uliopita. Akarudi, na kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akashinda tena kwa 3:53.11, rekodi ya Olimpiki. Paris mwaka 2024 akashinda mara ya tatu kwa 3:51.29. Akina mama katika kundi letu huniuliza kama wakiacha mwaka mmoja watakuwa wameisha. Jina hilo moja linatosha kuwajibu.

Kwetu Tanzania mashujaa wetu wamekuwa wa kukaza tangu bunduki inapolia. Filbert Bayi alifanya hivyo Christchurch mwaka 1974, akaongoza mita 1500 mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Ikangaa naye alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Ndiyo maana ushindi wa Alphonce Simbu wa Singida ulinigusa kwa namna ya pekee. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Tarehe 15 Septemba, Tokyo, katika ubingwa wa dunia, alikaa ndani ya kundi kilomita baada ya kilomita, akiwa mbali na picha za televisheni, na mwishoni kabisa akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, tofauti yao ikiwa sekunde 0.03 tu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania. Kati ya Boston na Tokyo kulikuwa na karibu miezi mitano. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango chake hukimbia marathoni mbili, tatu kwa mwaka, basi. Sisi tuna watu wanaokimbia nusu marathoni kila mwisho wa mwezi, kila mkoa, ili kukusanya medali za ukutani.

Sasa tuje kwenye ratiba yenyewe. Mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo wengi wetu tunaanza Novemba. Ratiba nyingi hupanga mbio ndefu Jumapili, na Jumatatu mapumziko. Basi Jumatatu ipumzike kweli. Usiigeuze kuwa siku ya kulipa kilomita za Jumatano iliyopita. Siku iliyopotea imepotea, isilipwe. Kama ratiba imekuandikia siku moja tu ya mapumziko na umevuka miaka 45, au kazi yako ni ya kusimama, chukua mbili. Siku nyepesi ukimbie huku unaweza kusimulia jambo kwa mwenzako bila kukata sentensi. Asubuhi kabla hujainuka kitandani pima mapigo yako. Yakiwa juu ya kawaida yako siku mbili mfululizo, usingizi umekatika na chakula hakina ladha, ratiba ya siku hiyo ni kulala. Maumivu ya ugoko au kano ya kisigino yanayozidi kadiri unavyokimbia si ya kushindana nayo kwa ujasiri. Tulia, na yasipoondoka umwone mganga.

Katikati ya ratiba yetu kuna Krismasi, wakati Wachaga wote wanaporudi nyumbani. Wanakundi wangu hunijia Desemba na wasiwasi: kutakuwa na mtori, kiburu, nyama, mbege, shangazi watatu na harusi mbili, watakimbia lini? Wiki hiyo naiandika kuwa wiki nyepesi tangu mwanzo, kilomita zikipungua karibu nusu. Kila wiki ya nne inatakiwa iwe hivyo kwa vyovyote. Desturi hii ya kurudi nyumbani, wazee wetu waliiweka mahali pazuri.

Ninawaomba walimu wenzangu wa michezo, na makocha wa vikundi vya jogging, kitu kimoja. Mkiwasimulia vijana Mexico, wasimulieni na zile siku tano za Bannister na juma la kazi la Kaptagat. Na wewe unayeanza ratiba Novemba hii, andika siku zako za kupumzika kwanza, kabla hujaandika kilomita hata moja. Kisha uzilinde.